Ziwa Lililoning'inia Ukutani kwa Bibi Edith

Kwako kaka Ambakisye,

Ugonile, kaka. Natumaini karatasi hizi zinakukuta mzima, wewe, wifi Bupe na watoto, na kwamba duka linaenda. Mimi sijambo. Kifua kinanikwaruza kidogo kwa baridi na vidole vimepasuka, maana huku unatoa mikono kwenye maji ya moto unaitia kwenye upepo kama wa kilele cha Rungwe. Giza sasa linaingia watu wakiwa bado kazini. Nimezoea. Mwaka wa kwanza nililia, huu wa tatu nanunua soksi nene naendelea.

Bahasha yako ilifika. Picha zote nne zimefika bila kukunjika, lile boksi ulilokata ukaliweka katikati lilisaidia sana. Najua ulipanda kule mlimani kwa kunung'unika. Umeniandikia mwenyewe kwamba mpiga picha wa pale mjini aliteleza mara mbili akakulaumu wewe, kwamba ukungu uliwakalisha juu karibu saa nzima mkitafuna mahindi yaliyopoa, na kwamba ulipofunga duka siku ya soko kwa ajili ya kupiga picha maji, wifi alikuuliza kama dada yako huko Ulaya bado ana akili timamu. Swali la wifi nalijibu leo. Jibu ni refu, kwa hiyo kaa chini.

Nimekuandikia mara nyingi juu ya Bibi Edith ninayemhudumia, lakini nadhani sikumweleza vizuri. Ni mjane wa miaka themanini na sita. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yake yote, na hakujaliwa mtoto. Ndugu yake aliyebaki ni Graham, mtoto wa marehemu dada yake, mtu wa makamo anayefanya kazi ya bima katika mji mkubwa, mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Graham ndiye aliyenichukua kupitia ile ofisi ya wahudumu wa majumbani. Unakumbuka tulipopunguzwa kazi pale zahanati Kiwira nilisema nimemalizana na wagonjwa. Sikumalizana nao. Asubuhi namwamsha Bibi Edith, namwogesha, nampa dawa, nampikia uji wao wa shayiri, halafu tunakaa. Kukaa naye ndiyo sehemu kubwa ya kazi.

Tuseme ukweli, Bibi anasahau. Miwani yake nimeikuta ndani ya kopo la mkate. Mara mbili aliwasha jiko la gesi bila kiberiti akaenda kulala. Siku nyingine ananiita jina la dada yake aliyefariki, mimi naitika tu, maana najua anachotaka ni kikombe cha chai. Lakini ukimuuliza jambo la zamani, au ukimuuliza kama jambo ni la haki au si la haki, anajibu kama mwalimu aliyeshika chaki.

Mwezi wa nane Graham alikuja na mfanyabiashara wa vitu vya kale. Walianza kupita chumba hadi chumba, yule mtu akiandika: kabati, saa ya ukutani, sahani za maua. Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti chake sebuleni akiwatazama. Hakuna aliyemweleza chochote. Mimi nilielewa nilipomsikia Graham akisema kwa sauti ya chini kwamba nyumba ya kutunzia wazee ina nafasi kabla ya Krismasi.

Wakafika kwenye picha iliyoko juu ya sehemu ya kuotea moto. Si picha ya rangi wala ya kamera. Ni picha ya chapa, ya zamani. Alivyonieleza Bibi, mchoraji huchora kwanza, kisha fundi anaichonga mistari ile ile kwenye bamba la shaba, bamba linapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi, na nakala zinatoka nyingi. Hii ina miaka kama mia moja, karatasi imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Inaonyesha maji yaliyotulia chini kabisa, kuta za mlima zimeyazunguka, miti imejazana. Pembeni chini kuna jina la mchoraji, Ambrose Tillcott. Jina la mahali halipo. Zamani mtu aliukata ukingo wa karatasi ili iingie kwenye fremu, akalikata na jina. Mimi nilikuwa naifuta vumbi kila Jumatano na sikuwahi kuitazama. Kwangu ilikuwa picha ya Wazungu na nchi yao.

"Tillcott," yule mfanyabiashara alisema. "Mchoraji wa maziwa ya kaskazini. Hili ni mojawapo."

"Hilo si la kaskazini," Bibi alisema kutoka kwenye kiti. "Hilo liko Afrika. Tillcott alikuwa mjomba wa mama yangu. Alipanda mlima akalichora."

Yule mtu alitabasamu, kama tunavyomtabasamia mtoto anayesema ameona simba nyuma ya choo. "Tillcott hakuwahi kutoka Uingereza, mama. Nimeuza kazi zake miaka thelathini."

Bibi akamtazama Graham. Graham alitoa kijitabu mfukoni akaandika. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na sinia la chai, nikasoma: *Anadhani picha ya sebuleni ni ya Afrika.* Juu yake palikuwa na gesi, na miwani, na jina la marehemu dada yake Bibi. Ilikuwa orodha ya kumpelekea daktari.

Walipoondoka Bibi hakugusa chai. Akaniuliza, "Sekela, umewahi kuniona nasema uongo?"

"Hapana, Bibi. Nimekuona unasahau."

"Ni vitu viwili," akasema. "Keti."

Akanisimulia. Alikuwa na miaka sita, na yule mzee Tillcott alikuwa anakaa kwao akiwa mgonjwa wa kifua, anakohoa mchana kutwa. Alipokuwa na nafuu alimpakata na kumsimulia safari. Alikuwa amekwenda kumtembelea rafiki yake wa misheni upande wa ziwa Nyasa, akapanda naye nchi ya juu kwa miguu, na wapagazi wakamwongoza msituni hadi ukingoni mwa mlima wenye maji ndani. Kwa furaha akanyoosha kidole kuyaonyesha. Mzee aliyekuwa mbele yake akaushika mkono wake, akaushusha, akamkunja vidole. Akamwambia maji yale hayaonyeshwi kwa kidole, yanaonyeshwa kwa ngumi.

Kaka, unamkumbuka bibi yetu Tusekile. Unaikumbuka siku aliyotupeleka kwa shangazi kule Isongole akatupitisha juu tulione ziwa Ngosi. Mimi nilikuwa na miaka tisa, wewe ulikuwa umeanza kuvaa suruali ndefu na kujiona. Ulinyoosha kidole. Bibi akakupiga mkono, akakukunja vidole, akasema maneno hayo hayo, na ulinuna mpaka tulipofika kwa shangazi ukapewa maziwa ya mgando. Sijawahi kumsimulia mtu habari ile, si Dar, wala huku. Nani angetaka kuisikia? Na sasa mwanamke Mzungu wa miaka themanini na sita, ambaye hajawahi kufika hata Nairobi, ananisimulia mimi.

Niliishusha ile picha ukutani nikaipeleka dirishani kwenye mwanga. Niliiangalia kwa mara ya kwanza. Pale kona ya kushoto, ambapo mfanyabiashara aliona magugu tu, ni migomba ya porini, yale majani mapana yaliyochanika kwa upepo. Ukingo wa mlima upande wa kulia una pengo, lile ambalo ukungu huingilia. Nyuma yake kuna kilima kilicholala kama ng'ombe anayecheua. Tillcott alikuwa mtu wa kaskazini ya Uingereza aliyejifunza kuchora mvua na mawe ya kwao, na mkono wake ulichora miti yetu kama anavyochora ya kwao, ndiyo maana watu wake hawakuitambua. Lakini majani aliyachora moja moja, mpaka mipasuko yake. Alikaa pale siku nzima, kaka. Mtu hachori hivyo kwa kupita.

"Bibi," nikamwambia, "mimi nimewahi kusimama hapa."

"Basi tuko wawili," akasema, akachukua kikombe chake.

Siku ya pili nilimpigia simu Graham nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, sitamsingizia. Kisha akasema, "Sekela, wewe ni mtu mwema. Lakini hukuajiriwa kukubaliana naye. Ukimuunga mkono kwenye mambo kama haya unazidi kumpoteza."

"Simuungi mkono. Nakwambia nilichokiona."

"Ulikiona ukiwa na umri gani?"

"Miaka tisa."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Daktari atakuja mwezi wa kumi na moja kumpima. Mpaka siku hiyo, tafadhali, usimchochee. Nisingependa kuiomba ofisi ituletee mtu mwingine."

Hapo niliogopa, sitakuficha. Kibali changu cha kukaa huku kinafuata kazi hii. Nikiondolewa kwa sifa mbaya, ofisi haitanipa nyumba nyingine, nitarudi na sanduku nililokuja nalo. Nilikaa jikoni nikimenya viazi ambavyo hakuna aliyeniomba kuvimenya. Nikajiuliza, hivi hili linanihusu nini? Picha ni yao, mzee ni wao, nyumba ni yao. Lakini ziwa si lao. Na yule mama alikuwa anakwenda kuhukumiwa kuwa hana akili kwa kusema jambo la kweli, na mtu pekee katika mji mzima aliyejua ni kweli nilikuwa mimi, nimeshika kisu cha viazi. Nikaamua. Kazi yangu nitaifanya vizuri mpaka asipate pa kunilaumu, na jambo hili nitalifikisha mwisho.

Alhamisi ndiyo siku yangu ya mapumziko. Nilikwenda maktaba ya mji nikauliza kitabu chochote chenye habari za Tillcott. Mama wa maktaba alisema hakuna. Wiki iliyofuata nilirudi, akasema labda maktaba ya mji mwingine. Wiki ya tatu aliponiona mlangoni alianza kucheka kabla sijasema kitu, akanyanyua kitabu kikubwa chenye jalada lililochakaa. Tillcott ana nusu ukurasa tu. Mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi, alijifunza kuchora kwa kutembea milimani, alipendwa kwa maziwa yake yaliyotulia, alioa akiwa amechelewa, mke akafa mapema. Halafu sentensi moja: kwa miaka miwili alisafiri ng'ambo kwa ajili ya kifua, akiwa mgeni wa rafiki wa misheni. Ng'ambo ipi, hakikusema. Nilinakili sentensi ile kwa mkono nikaiweka kwenye Biblia. Haikutosha, lakini yule mfanyabiashara alikuwa amekosea kusema kwamba hakutoka Uingereza, na mtu aliyekosea moja anaweza kukosea mbili.

Nikawa naiangalia ile picha kila siku. Nilimfikiria sana yule mchoraji. Kwenye picha hakuna mtu hata mmoja. Waliombebea sanduku la rangi kutoka Nyasa, waliokata njia, yule mzee aliyemkunja vidole, hawamo. Nilikasirika nusu siku. Halafu nikafikiri kwamba alipofika kwao, akiwa anakaribia kufa, kitu alichochagua kumsimulia mtoto hakikuwa ziwa, bali ule mkono. Sikumsamehe kabisa, lakini niliacha kukasirika.

Hapo ndipo nilipokuandikia kwamba upande mlima hadi ukingoni, usimame upande wa njia ya Isongole, uhakikishe pengo linaonekana. Sikukueleza sababu kwa kuwa niliogopa barua isomwe na watu dukani halafu ionekane dada yenu anagombana na waajiri. Nisamehe kwa hilo.

Majibu yalichukua wiki saba. Kila alipopita mtu wa posta niliangalia mikono yake. Bahasha ilipofika nilimpelekea Bibi bila kuifungua. Picha tatu ni ukungu mtupu na bega lako. Ya nne, kaka, ya nne ni safi. Pengo lipo. Ng'ombe aliyelala yupo. Hata migomba ya porini ipo upande ule ule, ingawa nadhani ni wajukuu wa ile aliyoiona yeye. Tuliziweka sambamba mezani, ya chapa na ya kamera. Bibi alipitisha kidole juu ya ukingo wa mlima kwenye ile ya chapa, kisha kwenye yako, polepole. Halafu akakikunja kidole, akamalizia kwa ngumi.

"Panaitwaje?" akaniuliza.

"Ngosi."

Alilirudia siku sita. Ile "ng" ya mwanzo ilimtesa. Alikuwa anasema "Angosi" na "Gosi", akajirekebisha, akaniambia nisimsaidie. Nilimuuliza kama tumpigie Graham. Akasema hapana, atamwambia mwenyewe mbele ya daktari, kwa sababu walioandika orodha waliiandika mbele yake.

Daktari alikuja Jumanne, mwanamke mpole mwenye miwani, pamoja na ofisa wa ustawi wa jamii. Graham aliketi dirishani. Maswali ya kwanza yalienda vibaya. Leo ni siku gani? Bibi akasema Alhamisi. Waziri mkuu ni nani? Akamtaja mmoja aliyekufa zamani. Akaombwa ahesabu kurudi nyuma kwa saba saba, akapotea kwenye themanini na sita, akasema, "Huo ndio umri wangu," akaishia hapo. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Graham alikuwa ameinamisha kichwa, na nilimwona kwamba hafurahi. Ofisa akamwomba asome orodha yake. Alisoma gesi. Alisoma miwani. Alisoma jina la marehemu mama yake mwenyewe ambalo Bibi hunipa mimi. Mwisho akasoma picha.

"Hilo la mwisho naomba nilijibu," Bibi alisema. "Mengine ni kweli."

Akaniomba niishushe picha. Nikaiweka magotini kwa daktari, na juu yake nikaweka picha yako.

Daktari aliangalia moja, akaangalia nyingine. Akavua miwani, akaivaa tena. "Hii ya rangi imepigwa wapi?"

"Ngosi," Bibi akasema, na "ng" ilitoka kama ya mtu wa Kiwira. "Wilaya ya Rungwe, Tanzania. Mjomba wa mama yangu alilichora, na kaka yake Sekela amelipiga picha mwezi uliopita. Nilimwambia yule mtu wa vitu vya kale, na mtoto wa dada yangu alikuwepo. Hakuna aliyeniuliza najuaje."

"Na unajuaje?" daktari akauliza.

Akamsimulia habari ya ngumi, yote, bila kuruka kitu. Daktari akanigeukia mimi, nami nikasimulia ya bibi yetu, na ya kidole chako. Samahani, sasa unajulikana huku. Halafu nikatoa kwenye Biblia ile sentensi ya maktaba.

Ofisa alikuwa ameacha kuandika. Daktari akamuuliza Bibi maswali mengine, safari hii kama mtu anayetaka kujua: anataka kuishi wapi, anajua hatari ya gesi, angependa nini kifanyike. Bibi akajibu kwamba anajua anasahau, kwamba jiko la gesi liondolewe, kwamba akifika mahali asimjue Sekela kabisa basi wampeleke wanakotaka, lakini siku hiyo haijafika, na ikifika aambiwe yeye kwanza, hata kama hataelewa. Daktari akamwambia Graham kwamba kumbukumbu za Bibi zinapungua, lakini anajua anachokisema na anajua anachokitaka, na uamuzi ni wake.

Kwa hiyo tupo. Jiko la gesi limeondoka, tumepata la umeme linalojizima. Nyumba ya wazee wameambiwa wampe mtu mwingine ile nafasi.

Wageni walipoondoka Graham alinifuata jikoni. Nilijua nafukuzwa. Nikaendelea kukausha vikombe. Alisimama karibu na sinki akasema, "Nilidhani nitapigiwa simu siku moja niambiwe nyumba imeungua naye ndani. Kila simu ikilia nilidhani ndiyo hiyo."

"Ungemwambia hivyo," nikamjibu. "Ulimletea mtu wa kuhesabu sahani."

Alikubali kwa kichwa. Hakuomba msamaha kwa maneno, ila aliomba kuiona picha yako tena, akaiangalia amesimama mpaka chai yake ikapoa. Siku hizi anakuja kila Jumapili, na ameacha kile kijitabu nyumbani. Hata yule mfanyabiashara alirudi, maana Bibi alitaka aje aone. Aliziangalia picha mbili kwa kioo cha kukuzia, akasema, "Miaka thelathini nimemuuza mtu huyu, sikuwahi kuuliza alikwenda wapi." Bibi akampa penseli, naye akaandika nyuma ya fremu, kwa mwandiko mzuri, jina la ziwa na la wilaya yetu. Nilimtajia herufi moja moja.

Sasa nije kwenye lile jambo uliloliandika mwisho wa barua yako, kama mtu anayetupia neno akiwa mlangoni. Umesema wewe na baba mdogo mmekubaliana kung'oa migomba ya mama kule Ikuti, ile ya mteremko wa kuelekea mtoni, mpande chai kwa kuwa sasa wanunuzi wamekuwa wengi. Umesema mama amekataa, anadai ardhi ile ina maji chini, migomba ndiyo inayoishikilia, na kwamba ilishuka zamani kabla hujazaliwa ikabeba jiko la nje. Na umesema, naiandika kama ulivyoandika, "mama siku hizi amechanganyikiwa, anaongea na marehemu baba, tusimsikilize sana."

Kaka, mimi najua mama anasahau. Mwaka jana kwenye ule mkanda wa sauti mlionirekodia aliwataja wajukuu akaruka wawili. Anaongea na baba, sawa. Mimi pia huongea naye, tena kwenye basi la Wazungu. Lakini mmemuuliza ilishuka wapi? Mmekwenda naye mtoni akawaonyesha? Mmewauliza majirani wa rika lake? Mmechimba hata shimo moja muone kama kuna maji? Ulipanda Ngosi kwenye matope kwa ajili ya mwanamke usiyemjua. Kutoka dukani kwako Tukuyu mpaka Ikuti si mbali hivyo.

Siandiki haya kukudharau. Wewe ndiye uliyebaki, wewe ndiye unayemnunulia dawa na mafuta ya taa, na najua unachoka. Labda nawe kila mtu akipiga hodi dukani unadhani ni habari mbaya ya mama. Kama ni hivyo mwambie yeye. Lakini mgomba hata mmoja usiguswe kabla hajaulizwa, akiwa ameketi kitini na nyinyi mmemsikiliza mpaka mwisho. Akikubali mwenyewe, pandeni chai. Nimeomba likizo, nimepewa mwezi wa pili, na nitatoka kwenye ndege moja kwa moja hadi Ikuti na viatu vya matope mkononi. Nikikuta mteremko umelimwa mama hajaulizwa, tutagombana, na unanijua.

Nisalimie baba mdogo, mwambie namheshimu na hili namwambia kwa heshima. Nisalimie wifi Bupe, mpe hiki kitambaa nilichoambatanisha. Salamu kwa shangazi wa Isongole, na kama bado anaona vizuri mwonyeshe nakala ya picha iliyobaki kwako. Salamu kwa mwinjilisti, na kwa wauguzi wenzangu wa zamani waliobaki pale Kiwira. Kwa yule mpiga picha sema ndaga, tena asante sana, na kwamba kazi yake iliangaliwa na daktari.

Nina ombi moja la mwisho. Jumapili baada ya ibada nenda Ikuti umsomee mama barua hii, kwa Kinyakyusa, kwa sauti, baba mdogo akiwepo. Msomee yote. Ukifika mahali nilipokuandika wewe, usiruke.

Dada yako,
Sekela